Mutesi Apata Tena Nguvu

Kila asubuhi, nyumbani kwao Gahanga, pembezoni mwa Kigali, Mutesi alimwinua mumewe kutoka kitandani. Castory alimkumbatia shingoni. Mutesi alikunja magoti, akavuta pumzi, kisha akainuka naye na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Jioni alimrudisha kitandani kwa namna ileile.

Castory alikuwa mwashi kutoka Tanzania. Alikuja Kigali kutafuta kazi. Mutesi ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, hukohuko Tanzania, kwa hiyo nyumbani kwao walizungumza Kiswahili. Miaka mingi iliyopita Castory alianguka kutoka juu ya jengo, na miguu yake haikupata nguvu tena. Hakukaa bure. Alijifunza kushona viatu, na sasa wateja walimfuata barazani. Mutesi alilima mboga nyuma ya nyumba na kuziuza sokoni. Binti yao, Pretty, alisoma shule ya bweni. Hawakuwa na makuu, lakini walikuwa na furaha.

Siku moja Mutesi alipimwa kwenye kituo cha afya. Presha yake ilikuwa imepanda. Akaambiwa apunguze chumvi, mafuta na uzito.

Wiki hiyo aliona video kwenye simu. Mtu mmoja mwembamba alisema kwamba chakula kikipikwa kinakufa, na kwamba anayetaka afya ale vibichi tu. Mutesi alivutiwa. Mboga si anazo mwenyewe? Akaanza. Asubuhi alikula papai. Mchana alikula kabichi na karoti. Jioni matango na matunda damu. Alimpikia Castory ndizi na maharage kama kawaida, lakini yeye mwenyewe hakuonja hata mchuzi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mwili ukawa mwepesi, presha ikashuka. Wanawake wenzake sokoni walimsifu.

"Umerudi usichanani," walimwambia.

Sifa ni tamu. Mutesi akaona kwamba kama kidogo kimemfaa, kingi kitamfaa zaidi. Akaacha na karanga, akaacha na parachichi, kwa sababu aliogopa mafuta. Uzito uliendelea kushuka. Mabega yakachongoka. Akawa anasikia baridi hata jua likiwaka, na jembe lilelile la kila siku likawa zito mkononi.

"Mama Pretty, unashiba kweli?" Castory alimuuliza.

"Nashiba, Baba Pretty. Tumbo limejaa."

Hakusema uongo. Tumbo lilijaa kweli.

Jioni moja alimwinamia mumewe kama siku zote. Castory alimkumbatia shingoni. Mutesi akainuka, akafika nusu, na hapo magoti yakamwishia nguvu. Hakuanguka kwa kishindo. Alishuka polepole, amemshika mumewe kifuani, mpaka wote wawili wakajikuta sakafuni.

Mutesi alimpapasa Castory miguu, mgongo na kichwa.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Nimekuangusha."

"Hukuniangusha," Castory alisema. "Tumeshuka pamoja."

Mutesi alilia. Alijaribu tena kumwinua, akashindwa. Ikabidi aende kumwita jirani yao, Johnson. Johnson alikuja na mkewe, Yvonne, ambaye ni mtaalamu wa lishe kwenye kituo cha afya. Johnson alimnyanyua Castory na kumlaza kitandani bila shida. Mutesi alitazama pembeni. Kazi ile ilikuwa yake, na iliuma kuona mtu mwingine akiifanya.

Yvonne alimvuta kando. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali.

"Mama Pretty, kaa kwa kiti. Sasa simama, lakini usishike kitu."

Mutesi alijaribu. Alishindwa mpaka aliposhika meza.

"Leo umekula nini?"

"Papai. Kabichi na karoti."

"Karanga? Parachichi? Maharage?"

"Niliviacha. Vinanenepesha."

Yvonne hakumcheka. "Tumbo yako iko imejaa, lakini mwili iko na njaa," alisema. "Mboga iko na maji mengi. Inajaza, lakini nguvu yake ni kidogo. Mtu akikosa kuni, mwisho anachoma milango ya nyumba yake. Mwili wako unachoma misuli."

"Kwa hiyo vibichi ni vibaya?"

"Hapana. Mboga na matunda ni vizuri sana. Usiache. Lakini peke yake haitoshi mtu anayelima na kubeba mume."

"Nikirudi kwenye sufuria, presha itarudi."

"Sufuria haina kosa, dada. Kosa ni chumvi nyingi na mafuta mengi. Kesho njoo tukupime."

Kesho yake Mutesi alipimwa kituoni. Damu ilikuwa imepungua, na uzito ulikuwa chini ya unaofaa kimo chake. Mganga alimpa dawa ya kuongeza damu. Kisha Mutesi akaketi na Yvonne.

Yvonne hakumkataza chakula kibichi. Alimwambia arudishe parachichi na karanga, na aongeze mbegu za maboga na za alizeti, maana hizo zina mafuta mazuri na zinajenga mwili. Karanga zenye ukungu azitupe. Ndizi mbivu ale zaidi ya moja. Mboga azioshe vizuri kwa maji safi.

"Kwenye simu walisema maharage yakilowekwa yanaliwa mabichi," Mutesi alisema.

"Usijaribu. Maharage mabichi iko na sumu. Loweka, mwaga maji, chemsha mpaka yaive kabisa. Muhogo pia, upike. Na nyama, mayai, maziwa, yote yapite kwa moto kwanza."

"Hata yai moja nisile bichi?"

"Hata moja. Lakini yai la kuchemsha litakusaidia. Kuna vitamini ya damu na mishipa ya fahamu ambayo mboga haina. Iko kwa mayai, maziwa, samaki na nyama. Mtu asiyekula hivyo vyote lazima aulize mganga, apewe vidonge. Na Pretty akirudi likizo, apikiwe. Mtoto anayekua asile vibichi tu. Mama mjamzito pia."

Mutesi alitikisa kichwa kukubali. Lakini Yvonne hakuwa amemaliza.

"Chakula peke yake hairudishi misuli. Misuli inataka kazi. Anza na kiti. Simama, kaa, simama, kaa. Ukizoea, shika jerikeni ndogo ya maji."

Hivyo maisha yakabadilika. Mchana Mutesi alikula mboga zake mbichi, na juu yake parachichi na karanga za kutosha. Jioni alikula maharage na Castory, na yai au dagaa alipoweza. Chumvi aliitia kidogo sana. Kisha alifanya mazoezi barazani. Castory alikuwa mwalimu mkali.

"Hiyo haihesabiki," alisema. "Umeshika meza."

"Sijashika."

"Kidole kimegusa. Nimekiona."

Johnson aliendelea kuja asubuhi na jioni. Mutesi alimshukuru kila mara, na kila mara alitamani siku ambayo hatakuja. Ilichukua miezi. Baridi iliondoka kwanza, kisha jembe likawa jepesi. Uzito ulirudi taratibu, ukasimama panapofaa. Presha ilipimwa tena na tena, ikabaki nzuri.

Asubuhi moja, Johnson alipobisha hodi, Castory alikuwa tayari ameketi barazani kwenye kiti chake.

"Nani amekuinua?" Johnson aliuliza.

"Mwenye kazi yake," Castory alijibu.

Johnson alicheka, akaenda zake kazini. Mutesi alimmiminia mumewe chai. Castory aliinywa yote, akamsogezea kikombe kitupu.

"Niongeze."

"Siku hizi huwa huongezi," Mutesi alisema.

Castory alitazama kikombe. "Tangu ile jioni nilikuwa nakunywa kidogo. Nilijua nikinywa sana nitataka kwenda chooni kabla Johnson hajaja, na utajaribu kuniinua. Sikutaka uumie."

Mutesi alisimama na birika mkononi. Miezi yote hiyo alidhani mumewe ameichoka chai yake.

Alijaza kikombe mpaka ukingoni.

"Kunywa, Baba Pretty," alisema. "Ukimaliza, niambie, nikuongeze tena."