Ofisi Tuliyoiogopa

Mimi ni Nabiswa. Nauza chai na mandazi Baba Dogo, nje ya kiwanda cha beseni. Saa kumi na moja alfajiri jiko langu linawaka. Saa kumi na mbili wafanyakazi wanaanza kufika. Mume wangu, Patrobas, anafanya kazi humo humo ndani. Hunywa kikombe chake, kisha huingia na wenzake.

Na mdomo ninao, sikatai. Watu wa kiwandani husema afadhali ugombane na meneja kuliko ugombane na Mama Ayuma.

Ayuma ni kifungua mimba wetu. Katika ukoo wote, upande wangu na upande wa Patrobas, ndiye wa kwanza kuingia chuo kikuu. Siku barua yake ya chuo ilipofika niligawa mandazi bure mpaka yakaisha. Tangu hapo, kila asubuhi alinipitia pale jikoni na begi mgongoni, akaniaga, akaenda zake chuoni mjini.

Jumatatu moja mteja wangu, Wanyonyi, akaniambia, "Hongera, Mama Ayuma. Kumbe binti amepata kazi kortini?"

"Korti gani?"

"Ya Makadara. Wiki jana nilienda siku mbili kusikiliza kesi ya binamu yangu. Siku zote mbili nilimwona binti yako ameketi nyuma na begi lake."

Chai niliyokuwa namimina ilimwagika mezani.

Jioni Ayuma alirudi. Nikamuuliza, "Leo mmesoma nini?"

"Hesabu, Mama."

"Hakimu ndiye aliyewafundisha?"

Alikaa kitandani na viatu vyake. Kisha akaanza kulia. Patrobas akazima redio.

"Mama, hii ni wiki ya tano sijaingia darasani," alisema. "Jaribio la kwanza la hesabu nilipata tisa kwa thelathini. Mimi sijawahi kupata tisa. Shuleni kengele ilikuwa inanipeleka kila mahali. Pale chuoni hakuna kengele. Tuko watu mia nne darasa moja. Mwalimu hajui jina langu. Nilikosa siku moja, hakuna aliyeuliza. Nikaogopa kurudi, nikakosa ya pili."

"Na kortini ulifuata nini?" Patrobas akauliza.

"Pale mtu yeyote anaruhusiwa kuketi, Baba."

Halafu akatuonyesha ujumbe kwenye simu. Ulisema hivi: "Ayuma Wakoli, hatujakuona darasani. Tafadhali fika ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi kabla ya Ijumaa, siku ya kufunga orodha ya watakaofanya mtihani. Unaweza kuja na mtu unayemwamini."

Patrobas aliusoma mara mbili. "Basi," akasema. "Anafukuzwa."

Hata mimi niliona hivyo. Sisi tulisoma shule ambazo kuitwa ofisini pamoja na mzazi kulikuwa na maana moja tu. Unapigwa, halafu unatumwa nyumbani na sanduku lako.

"Tuandike barua ya kuomba msamaha," Patrobas akasema. "Ayuma, umefanya kosa gani lingine?"

"Sijui, Baba."

"Kama hujui, tutaandika yote."

Tukaandika, Ayuma akishika kalamu. Uchelewaji. Uvivu. Dharau kwa walimu. Patrobas akasema aongeze makundi mabaya.

"Makundi mabaya, Baba?" Ayuma akauliza. "Mimi pale sina hata rafiki mmoja."

Kalamu ikasimama. Lakini barua ilibidi iishe. Tuliimaliza na makosa kumi na moja.

Alhamisi Patrobas aliomba ruhusa kazini. Akavaa suti ya harusi yetu. Tukaenda watatu. Njiani nilikuwa napanga jinsi nitakavyopiga magoti. Mtoto akikosa mtihani, mwaka wote umepotea. Nilikuwa tayari kuomba hata kwa machozi.

Nilitegemea kukuta meza kubwa na mtu mkali. Tulikuta mama wa makamo aliyevaa sweta. Alijitaja, Wanza Matheka. Alivuta kiti, akaketi upande wetu. Akapokea barua kwa mikono miwili, akaisoma hadi mwisho. Hakucheka.

"Ayuma, humu umeandika makosa kumi na moja," alisema. "Mimi sioni hata moja."

"Sasa mbona mmemwita, Madam?" nikauliza.

"Tumemwita kwa sababu hatukumwona. Mwalimu wake wa hesabu alituletea majina ya waliokosa jaribio la pili. Kazi yangu ni kuwatafuta."

Nilimtazama yule mama. Darasa la watu mia nne, na kuna mtu anamtafuta wangu?

"Unalipwa kwa kazi hiyo?" Neno lilinitoka. Patrobas akanikanyaga mguu.

"Nalipwa, Mama. Mwanafunzi halipi kitu kuja hapa. Leo asubuhi Ayuma ni wa saba."

"Wa saba wa nini?"

"Wa saba kuketi kwenye kiti hicho na kuniambia amelemewa. Wanaanguka mtihani wa kwanza. Wengine wanakosa usingizi. Wengine hawana chakula. Wanadhani ni wao peke yao. Mficha uchi hazai, Mama. Mambo haya yote tuliwaeleza wiki ya kwanza, wiki ya kuwakaribisha wageni. Ayuma, hukuwepo?"

Ayuma alitazama chini. Hakutaka kunitaja. Nikajitaja mwenyewe.

"Ni mimi, Madam. Nilisikia wiki ile hakuna masomo, ni kuzungushwa tu na kuimbiwa nyimbo. Nikamwambia abaki anisaidie kukanda unga."

Niliona aibu kubwa. Madam Wanza hakunigombeza. "Wazazi wengi hufanya hivyo," alisema. "Lakini wiki ile ndiyo tunawaonyesha milango. Mlango wa zahanati, mlango wa mshauri, mlango wa masomo ya ziada. Asiyeonyeshwa, ataijuaje?"

Kisha akasema, "Sasa naomba wazazi mtupishe kidogo."

"Nimemzaa mimi, nitoke?"

"Umemzaa, ndiyo. Lakini anaweza kuwa na neno ambalo hataki kulisema mbele yako. Atakalosema hapa halitoki bila ruhusa yake."

Patrobas alinishika mkono, tukatoka. Tuliketi kwenye benchi la nje. Nikaona vijana wakija. Mmoja alikuwa na viatu vya bei kali na funguo za gari mkononi. Aliketi kando yetu, akisubiri zamu yake. Nikashangaa sana. Kumbe hata mtoto wa tajiri huja kwenye mlango huu.

Baada ya nusu saa Ayuma alitoka. Macho yalikuwa mekundu, lakini mabega yalikuwa yameshuka. Alikuwa na kijana wa mwaka wa tatu, anaitwa Jamil, wa kutoka Majengo.

"Shikamoo, Mama," akasema Jamil. "Mimi nitafuatana na Ayuma mwezi huu mzima. Tutaingia darasani pamoja. Jumamosi kuna masomo ya ziada ya hesabu, nitampeleka. Hata mimi mwaka wa kwanza nilipotea hivyo hivyo."

"Na mtihani?" Patrobas akauliza.

"Jina lake limeandikwa, Baba," akasema Madam Wanza. "Jaribio alilokosa atalifanya wiki ijayo. Na kila Jumanne atakuja hapa kuongea na mimi."

Patrobas alitoa kitambaa, akapangusa uso. Sijawahi kumwona akilia. Hata siku hiyo alisema ni jasho.

Kabla ya kuondoka niliomba nionyeshwe darasa. Jamil akafungua mlango. Mungu wangu. Viti vilipanda juu kama ngazi, safu baada ya safu, mpaka karibu na dari. Mwalimu chini alionekana mdogo, sauti yake inatoka kwenye vipaza sauti ukutani. Na vijana wote hao wanaandika, hakuna anayekohoa. Nilishika ukuta. Mimi ninayegombana na madereva wa lori, niliogopa kuvuka kizingiti. Nikaelewa kwa nini mtoto wangu alikimbia. Ningekimbia hata mimi.

Ayuma alinitazama, akavuta pumzi, akaingia na Jamil. Nikamwona anapanda, safu ya tatu, ya nne, ya tano. Akaketi. Akatoa daftari.

Wiki zikapita. Alikuwa anarudi na majina ya watu. Rafiki huyu, rafiki yule. Jumanne hakukosa, wala Jumamosi. Mtihani akaufanya wote.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza. Jioni hiyo nilikuwa nasonga ugali. Ayuma aliingia, na hata kabla ya kuvua viatu akasema, "Mama, nimepita masomo sita. Hesabu nimeanguka, nimepungukiwa na alama nne tu. Nitarudia mwezi wa pili. Nimeshamwambia Jamil, na kesho nitamwambia Madam Wanza."

Mwiko ulisimama mkononi. Ni mtoto yule yule aliyetuficha wiki tano. Ametamka kwamba ameanguka, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imeisha. Niliinua macho, nikamtazama.

"Mama, uko sawa?" akaniuliza.

"Vua viatu, uje ule," nikasema.

Nikampakulia ugali na sukuma wiki. Akala wote, akaomba mwingine.