Jini Lililokula Majibu

Sogeeni, sogeeni hapa karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, na wewe unayecheka huko nyuma, malizia kabisa. Habari hii inataka ukimya, maana mwenyewe anayesimuliwa humu anapenda sana maneno ya watu.

Palikuwa na mwanamke mshonaji, wote wakimwita Fundi, aliyepata mimba ya kwanza akiwa ameshakata tamaa. Mtoto alipoanza kucheza tumboni, Fundi naye akashika titi, akakuta kivimbe kigumu kama kokwa. Hospitali wakakata kipande kidogo cha nyama, wakapima. Siku ya majibu, daktari wa uvimbe, mrefu mmoja waliyembandika jina la Miwani, akatazama juu ya kichwa cha Fundi, akamwambia mama mkwe wake, "Mama, hebu njoo nje kidogo."

Ndivyo walivyofanya pale. Habari nzito hapewi mgonjwa, tena mjamzito, asije akashtuka. Hupewa ndugu yake, mlangoni, kwa sauti ya chini.

Fundi akabaki ndani, masikio wima. Akasikia mnong'ono, kisha akasikia mtu anatafuna, taratibu, kama anayekula mkate mkavu. Ikaingia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Mama mkwe akarudi, mdomo wazi.

"Amesemaje, mama?"

"Amesema..." Akajipapasa midomo. "Ah! Nilikuwa nayo sasa hivi, mwanangu. Amesema tumwombe Mungu."

"Mungu namwomba kila siku! Mtoto je? Nitibiwe sasa, au ningoje nijifungue?"

"Usipandishe sauti, wewe una mimba."

"Najua nina mimba, mama. Mimi ndiye ninayeibeba!"

Fundi akaenda kwa daktari wa wazazi, mama mmoja asiyejua kutembea, ila kukimbia. "Hayo ya dawa muulize Miwani." Akarudi kwa Miwani. "Hayo ya mimba muulize yule mama. Na ndugu yako yuko wapi nimweleze?" Kila jibu lilianza kutoka, na kila lilipoanza, nyuma ya mlango meno yalianza kazi. Tumbo linakua, kivimbe kinakua, Fundi anarushwa huku na huku kama mpira wa chandimu.

Mama mkwe, roho juu, akamleta mwanamke anayetoa majini. Huyo akanusa korido, akapiga chafya.

"Lipo. Limekaa kizingitini, limenona mpaka shingo haionekani. Linakula majibu. Na mlishaji ni wewe."

"Mimi? Mimi namficha tu mkwe wangu asiumie!"

"Basi ndicho chakula chenyewe. Ubani wangu litauvuta kama sigara. Jibu likishapita mlangoni, limekwenda. Na asipolipata mwenyewe, litamla na yeye."

Kesho yake Fundi, aliyekuwa ameyasikia yote hayo, alimdaka daktari wa wazazi kwa mkono wa koti, akamkokota hadi chumbani kwa Miwani, akamwingiza na mama mkwe, akafunga mlango, akakiegemeza kiti mlangoni, akakikalia na tumbo lake lote. "Leo hatoki mtu. Na mniangalie mimi."

Wakaangaliana. Kisha ule mlango ukaanza kusukumwa kutoka nje, polepole, kama na ng'ombe anayejikuna, na harufu ya majivu ikapenya chini ikapanda miguuni mwao, na meno yakagongana yakingoja, na Miwani akafungua mdomo, macho yakimtoroka kwenda kwa mama mkwe, na mama mkwe, kwa mara ya kwanza, akaziba masikio yake mwenyewe akapiga kelele: "Usiniambie mimi! Mwambie yeye!"

"Una saratani ya titi," Miwani akasema.

Mlango ukatulia kidogo.

"Mtoto je?"

"Miezi ya mwanzo imepita," daktari wa wazazi akadakia. "Dawa unaweza kuanza naye akiwa tumboni. Tutamwangalia, sisi wawili, pamoja. Ila ukiwa kwenye dawa, kunyonyesha hapana."

"Na mimi? Nitaishi?"

Nje kitu kikavuta pumzi. Miwani akavua miwani yake.

"Sijui, Fundi. Nakuambia kweli. Sijui."

Jibu hilo jini halikuliweza. Walilisikia likipaliwa, likikohoa, likijiburuta korido nzima. Fundi alilia, lakini alilia akijua analilia nini.

Aliishi mpaka binti yake akang'oka meno ya utoto. Binti alirithi nyumba na ukaidi. Mama mkwe alirithi mjukuu anayeuliza kutwa nzima, naye anamjibu. Wale madaktari wawili walirithi chumba kimoja cha kuonea wagonjwa pamoja. Na jini lilirithi wodi ya jirani: juzi tu, mume wa mwanamke mmoja ameitwa nje kidogo.