Timu Iliyopungukiwa Mmoja

Giza lilikuwa linaanza kushika minyaa ya uzio Bujiku alipotambua kwamba ng'ombe wake hajarudi zizini. Alikuwa na huyo mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyomlisha Shija, mtoto wao mchanga. Limi, mkewe, alikuwa jikoni anasonga ugali, mtoto kamfunga mgongoni. Bujiku akachukua fimbo na tochi, akamwambia anatoka kidogo.

"Usifike lamboni," Limi alisema bila kugeuka.

Hakueleza kwa nini, wala Bujiku hakuuliza. Mwaka ule wa sabini hakuna mtu wa Mwamagulya aliyekwenda lamboni jua likishazama.

Lambo lenyewe lilichimbwa na Mkanada mmoja aliyeitwa Ignas, mtu mrefu, mwekundu wa shingo, aliyenuka dizeli na tumbaku. Alikuja na trekta la misheni, na Bujiku, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, akaazimwa kwenda kumsaidia. Mzee Ngassa, mjumbe wa nyumba kumi, alimkataza yule Mzungu asichimbe mahali pale. Alisema ndipo watemi wa zamani walipoombea mvua, na mwenye mahali hajaulizwa. Ignas alisikiliza kwa adabu, akamshukuru, kisha akawasha trekta.

Kiangazi kile lambo lilikuwa bado kavu, sakafu yake imenyooka na kukauka ngumu kama chungu. Hapo ndipo Ignas alipowafundisha vijana mchezo wa kwao. Aliwaambia kwamba huko Kanada, baridi ikifika, mabwawa huganda kama jiwe, na watu huvaa viatu vyenye vyuma na kucheza magongo juu ya maji. Mama huita watoto chakula cha jioni, hakuna anayeitika. Asiye na bwawa, baba yake humwaga maji uani, na asubuhi uwanja uko tayari mlangoni. Alivyokuwa akisimulia, macho yalimlowa. Akawachongea magongo yaliyopinda mwisho, akakata kisahani cheusi kwenye tairi bovu, wakaanza.

Hawakuwahi kupata raha kama ile. Jashvant, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini Shinyanga, alitoa ua wa nyuma ya duka. Wakausiriba kwa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, wakaumwagia maji na kuulainisha hadi ukateleza. Siku za kazi walicheza uani, Jumapili lamboni. Marselino, fundi cherehani wa barazani kwa Jashvant, ndiye aliyewapita wote. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na akikichukua kile kisahani alicheka peke yake kama mtu anayetekenywa.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha. Ignas alikwenda usiku kutazama tuta kama limeshika. Hakurudi. Bujiku na wenzake walipofika kumtafuta walimkuta mzee Ngassa na watu wake wamesimama juu ya tuta na mapanga. Waliambiwa kwamba mwenye mahali amechukua chake, na atakayeingia majini kuchokoza, damu yake itakuwa juu yake mwenyewe. Mapadre walikuja, wakabishana, wakaondoka. Lambo likajaa. Ng'ombe wa kijiji kizima wakanywa maji yaliyomfunika mtu.

Basi ndiko nyayo za ng'ombe wa Bujiku zilikoelekea.

Alipanda tuta polepole. Kwanza ilimjia baridi. Haikuwa baridi ya upepo... ilipanda kutoka chini, ikamshika vifundo vya miguu. Kisha harufu.

Dizeli. Na tumbaku.

Kisha sauti.

Tak... tak... Halafu mkwaruzo mrefu, kama kisu kinachopitishwa juu ya kioo.

Bujiku alizima tochi. Hakuihitaji. Lambo zima lilikuwa jeupe, linang'aa kwa mwanga wake lenyewe, bila kiwimbi hata kimoja. Katikati alisimama ng'ombe wake. Miguu yake ilikuwa imezama hadi magotini na maji yalikuwa yameishika kama saruji. Mdomo ulikuwa wazi, lakini hakuwa analia.

Na kumzunguka yule ng'ombe, watu walikuwa wanacheza.

Hawakukimbia. Waliteleza. Waliinama, wakapinda, wakapishana bila kugusana, magongo yao yakigonga tak, tak, na kile kitu cheusi kikiruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nyuso zao hazikuonekana vizuri. Wengine walivaa ngozi begani kama watu wa zamani sana. Mmoja alikuwa mrefu kuliko wote.

Kile kitu cheusi kikaja taratibu hadi ukingoni, kikasimama mbele ya miguu ya Bujiku.

Alijua kwamba ni wakati wa kukimbia. Lakini mwili wake ulikumbuka Jumapili zile, ukamkana. Mguu mmoja ukatangulia. Wa pili ukafuata. Maji yakambeba... na akateleza! Aliteleza bila kutia nguvu, masikio yakivuma, na furaha ikamjaa kifuani hadi akataka kulia. Fimbo ya ng'ombe mkononi mwake ilikuwa imepata uzito wa gongo. Akapiga. Mtu wa mbele akapokea, akamrudishia. Bujiku alisahau ng'ombe. Alimsahau Limi. Kama angeulizwa wakati ule jina la mtoto wake, asingelipata.

Kilichomwokoa ni pumzi yake mwenyewe. Alipohema, mvuke mweupe ulimtoka kinywani. Hajapata kuona kitu kama hicho, akashangaa. Akawatazama wenzake waone.

Hakuna aliyetoa mvuke.

Walicheza kwa nguvu zote, vifua vikipanda na kushuka, na vinywani mwao hamkutoka kitu. Isipokuwa mmoja. Mwembamba, mwepesi, aliyecheka peke yake. Mdomoni mwake ulipita mvuke kidogo sana, kama wa chungu kilichoepuliwa zamani.

"Marselino," Bujiku alinong'ona.

Marselino alimpita akitabasamu, hakumwona.

Yule mrefu alikuja akasimama karibu. Uso wake ulikuwa wa Ignas, ila macho hayakuwa na ule upole. Yalimtazama Bujiku kama mtu anavyomtazama mwizi.

"Tumepungukiwa mmoja," alisema kwa Kiswahili chake kile kile cha kuburuta, akimwonyesha Marselino kwa gongo. "Huyu kesho hatarudi kwao. Bado wewe."

"Bwana Ignas, mimi nina mtoto."

"Mimi nilikuwa na mama."

Akanyoosha mkono. Bujiku alijitupa chini, akatambaa kwa viganja na magoti kuelekea ukingoni. Kila alipoweka kiganja ngozi iling'ang'ania, ikabanduka. Nyuma yake mchezo haukusimama. Tak... tak... tak...

Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Marselino, damu ikimchuruzika vidoleni. Klara, mke wa Marselino, alimfungulia mlango kabla hajabisha, kama mtu aliyekuwa akisubiri. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba mumewe hutoka kila jioni, hurudi viatu vimelowa, na hataki kuulizwa. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Vidole havishiki tena sindano.

Marselino aliingia baadaye, ametulia, nywele zimelowa. Miguu yake ilikuwa imepauka hadi kwenye vifundo, na ukiigusa ilikuwa kama kugusa chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ya dukani. Bujiku alimweleza alichokiona. Alimwambia wale si watu. Marselino alisikiliza yote, kisha akasema kwamba anajua.

"Unajua, na bado unakwenda?"

"Kaka, wewe umecheza leo," Marselino alijibu. "Sema kweli. Umewahi kuwa na furaha kama ile?"

Bujiku aliinuka, akaaga, akarudi kwake.

Asubuhi alikwenda kwa mzee Ngassa. Alimwamkia, akaitikiwa shingo upande. Akaomba ruhusa ya kufungua mlango wa chuma wa bomba lililopita chini ya tuta, maji yatoke, mwili upatikane uzikwe. Mzee alimwacha amalize. Kisha akamwuliza kama anajua ni ng'ombe wangapi wanategemea lile lambo hadi masika mengine, na kama anajua ni nani aliyemsaidia yule Mzungu kulichimba. Kuhusu Marselino alisema mahali pale huchukua panachokipenda, na anayependwa hunyamaza. Vijana wake waliokuwa wamekaa pembeni waliinuka. Mmoja alitema mate karibu na mguu wa Bujiku.

"Ukigusa ule mlango," mzee alisema, "usihesabu kwamba una nyumba hapa."

Bujiku alirudi akamwambia Limi. Alitegemea atamzuia. Limi alimtazama viganja vilivyochunika, akaanza kufunga vyombo vyao kwenye shuka.

Jua lilipoanza kulala, Klara na Jashvant walimfunga Marselino kitandani kwa kamba za katani, mikono na miguu. Hakuwapinga. Alilala akitazama dari, akitabasamu. Bujiku alichukua spana kubwa ya bomba, akapitia upande wa mashamba ya mtama, akashuka chini ya tuta. Ule mlango aliuchomelea yeye mwenyewe na Ignas. Kutu ilikuwa imeukamata. Akavuta... haukutikisika. Baridi ilikuwa imeanza kushuka. Juu ya kichwa chake, upande wa pili wa udongo, mkwaruzo wa kwanza ukasikika.

Akavuta tena. Ndani ya bomba kitu kikagonga.

Tak.

Kilikuwa kinagonga kutoka ndani, mkabala na mkono wake, kwa hasira.

Tak. Tak. Tak.

Bujiku aliegemeza mwili wote kwenye spana, akapiga kelele bila maneno, na mlango ukaachia. Maji yalitoka kwa kishindo, yakamwangusha, yakamburura hadi kwenye mtama. Yalikuwa ya baridi kiasi kwamba yalimuunguza. Alipoinuka alisikia sauti ambayo hajaweza kuieleza vizuri hadi leo. Anasema ilikuwa kama timu nzima imeugulia mara moja, kama wachezaji walionyang'anywa ushindi.

Huko nyumbani, wakati huo huo, Marselino alikuwa amenyanyuka na kitanda mgongoni, kamba zikimkata nyama, na Jashvant na Klara wakimlalia juu wasiweze kumlaza. Ghafla alilegea. Kisha akaanza kulia kwa kwikwi kama mtoto.

Kijiji kilikuja na mienge na marungu. Bujiku alipigwa. Angeuawa pale pale, ila maji yalikuwa yameshapungua, na mtu mmoja juu ya tuta akaita wenzake waje watazame.

Katikati ya tope ng'ombe alikuwa amesimama amekufa. Karibu naye alisimama Ignas, amezama hadi magotini. Hakuwa ameoza. Maji yalikuwa yamemfunika tangu mvua za mwaka uliotangulia, na shingo yake ilikuwa bado nyekundu. Kijana mmoja alimgusa shavuni, kidole kikanata. Ilibidi wamvute kwa nguvu, na ngozi ya kidole ikabaki pale.

Mapadre walimzika misheni kesho yake. Mzee Ngassa alisimama mbali na kaburi hadi mwisho. Watu wakauliza, na wale wengine waliovaa ngozi, mbona hawakuonekana kwenye tope? Mzee aligeuka akaenda zake. Kiangazi kile ng'ombe walikufa wengi, na jina la Bujiku likawa tusi. Nyumba yake ilichomwa wiki ile ile. Akahama na Limi na mtoto, wakaenda magharibi hadi Buseresere, ambako hakuna aliyewajua, akafungua karakana ya baiskeli kando ya barabara ya Biharamulo.

Miaka ikapita. Shija akaanza shule. Bujiku alikuwa ameanza kulala usiku kucha.

Jioni moja ya kiangazi, Limi akianika dagaa uani, mtu alisimama nje ya karakana. Alikuwa Marselino. Bujiku alimkumbatia, akamkaribisha, akaagiza chai. Marselino hakukaa. Mikono yake ilikuwa mfukoni na uso wake umekauka. Alisema kwamba Klara hajambo, cherehani ameiuza, na miguu haijawahi kupata joto tangu siku ile. Aliyasema yote hayo kama mtu anayesoma mashtaka.

Bujiku akamwambia la msingi ni kwamba yuko hai.

"Nani alikuomba?" Marselino aliuliza.

Alisema bila kupandisha sauti. Limi, aliyekuwa ameinuka kuja kumsalimu shemeji yake, alisimama alipokuwa.

"Kila siku naamka, nakula, nalala," Marselino aliendelea. "Kila siku. Ulikuwa unajua, kaka. Uliionja, ukaninyima."

Bujiku alimwuliza amekuja kwa nani huku, atalala wapi.

Marselino aligeuza uso upande wa kaskazini, kuelekea Ziwa. Kwa mara ya kwanza tangu afike, alitabasamu.

"Lile lambo lilikuwa dogo," alisema.

Akaondoka kwa hatua nyepesi, haraka kuliko mtu mwenye miguu mibovu. Bujiku alitaka kumfuata, Limi akamshika shati kwa mikono miwili. Walisimama hivyo hadi alipopotelea kwenye migomba. Chai iliyoletwa ilikuwa juu ya boksi la spana, pale aliposimama Marselino. Limi alishika kikombe akamwage.

Kilikuwa kimenata kwenye boksi kwa baridi.