Mvua ya Baba Mwanvua

Safari hii naijua kuliko mtu yeyote wa Mabatini hapa Mwanza, hatua kwa hatua, kokoto kwa kokoto. Kusema kweli, mimi kwa barabara sijapata kuvuka Usagara, na siku walipokwama nilikuwa nyumbani nachambua mchele. Lakini waliosafiri walikuwa majirani zangu, na nina sababu nyingine ya kuyajua haya, nitaisema mkishanizoea.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka wa sitini na moja, miezi minne kabla ya Uhuru. Bilali, fundi bati, alipakia vibatari mia mbili kwenye pikapu yake kuukuu akauze Arusha, maana kila mtu alitaka kuwasha taa siku ya Uhuru. Mkewe Mastura alikuwa na kichanga cha wiki tatu, kwa hiyo Bilali akawachukua mabinti wawili ampunguzie kelele. Mmoja ni Mwanvua wa miaka kumi na miwili. Wa pili ni Bimdogo wa miaka mitano, aliyevaa gauni jekundu la Idi na kukataa katakata kulivua.

Mastura alijaza debe la maji akaliweka nyuma ya gari. Bilali akalishusha. Nafasi ni ya vibatari, akasema, na tena njiani kuna ziwa, dereva mmoja wa malori kamwambia. Kwa mtu wa Mwanza, ziwa ni maji, hana la kuuliza zaidi. Gari likaondoka, debe likabaki mlangoni.

Siku ya pili, wakiwa wamekwisha kuipita Ikoma, nchi ikabadilika. Udongo ukawa majivu, majivu kweli, yaliyotapikwa na milima ya moto. Yaliingia puani, kwenye kope, kwenye maandazi. Mbele ilionekana milima yenyewe, imekaa kama vyungu vilivyovunjika midomo, na mmoja wa mbali ulikuwa bado unafuka. Rejeta ikaanza kupiga mluzi. Bilali akaimiminia birika zima la chai, akamimina na maji ya kutawadhia. Rejeta ikanywa, ikataka mengine. Ndipo Mwanvua alipoonyesha kwa kidole chini bondeni. Ziwa, linang'aa.

Bilali alikata usukani bila hata kugusa breki. Wakateremka maili mbili hivi kwenye majivu mpaka ukingoni. Ukingo ulikuwa mweupe, mgumu, tambarare kama sakafu ya saruji. Ulilibeba gari hatua thelathini, kisha ukapasuka kama utando wa uji. Magurudumu ya mbele yakazama, ya nyuma yakafuata, na tope jeusi linalonuka mayai viza likapanda hadi kwenye milango.

Mwanvua aliruka kukimbilia maji. Ganda likamvunjikia, mguu ukaingia hadi gotini, ukatoka umechanika kwenye muundi. Baba yake alimfikia kwa kutambaa, akachota maji amwoshe, na yale maji yakamuuma kuliko lile ganda. Bilali akaonja. Akatema.

"Magadi," alisema Mwanvua, meno yanagongana. "Kama yale ya bibi ya kulainishia maharage."

Jioni ile na asubuhi yake Bilali alipigana na gari. Alipasua madebe yaliyopakiwa vibatari akayatandika chini ya magurudumu, tope likayameza. Alichimba kwa sufuria, tope likarudi. Kabla jua halijakolea alipanda hadi barabarani, akakuta hakuna hata alama moja mpya ya tairi, na aliporudi akaona nyayo za simba zimekanyaga juu ya nyayo zake mwenyewe. Mwanvua hawezi kusimama. Kuwabeba wote wawili akakae nao kule pasipo kivuli, haiwezekani. Kuwaacha, ndiyo kabisa. Akaingia garini akafunga milango, wakakaa watatu ndani ya lile bati, jua likiwapika. Chini tope, nyuma simba, na mbele yao maji ya kuitosha Mwanza nzima, hayanyweki.

Maji waliyobaki nayo yalikuwa chupa moja ya soda. Bilali aliyagawa kwa kizibo. Bimdogo akauliza yakiisha watakunywa nini. Akaambiwa mvua itakuja. Akauliza lini. Akaambiwa ikishajikusanya.

Sasa sikieni. Humo garini, chini ya godoro walilokalia, palikuwa na gunia. Ndani ya gunia palikuwa na bomba la shaba lililosokotwa mikunjo mitatu, na kifuniko cha debe chenye tundu katikati. Mtu mzima yeyote wa Mabatini angevitambua kwa kupapasa tu: mtambo wa kukeneka gongo, pombe iliyopigwa marufuku na serikali, umeagizwa na mteja wa Arusha. Na Bilali, mswalihina wa safu ya mbele, alikuwa amemwapia mkewe juu ya msahafu kwamba hajatengeneza kitu hicho wala hatatengeneza, mikono yake ni ya vibatari na makarai tu.

Kwa hiyo alikaa. Siku nzima alikaa juu ya godoro lile, na alijua vizuri sana chombo kile kingeweza kuyafanya nini maji ya magadi. Lakini Mwanvua alikuwa na macho, na Bimdogo alikuwa na mdomo. Akajiambia litapita gari. Saa sita halikupita. Saa tisa halikupita. Chupa ikaisha. Midomo ya Bimdogo ikapasuka, akalia bila machozi. Kisha, kama saa kumi, akaacha kuuliza mvua itakuja lini.

Hapo Bilali akanyanyua godoro.

Mwanvua alimtazama. Baba yake hakutafuta kitu, mkono uliingia guniani ukatoka na kinachotakiwa. Alipachagua mahali pagumu, akajaza nusu debe moja lililosalia, akafunika, akakanda unga wa ugali akaziba ukingo. Bomba akalipitisha kwenye karai la maji ya baridi, na birika akalikingisha mwishoni. Kuni zilikuwa vijiti vya migunga na kinyesi kikavu cha pundamilia. Bomba lilipovuja kwenye mkunjo wa pili, alichana kipande cha pindo la gauni jekundu akalifunga. Bimdogo hakugomba, na hilo lilimtisha Bilali kuliko simba.

"Baba," Mwanvua akasema, "umejifunzia wapi?"

"Kitabuni."

"Kitabu gani?"

"Cha picha. Chochea moto."

Magadi yakichemka hufura. Debe la kwanza lilipanda povu hadi bombani, kikatoka kitu cha kijivu cha kubabua ulimi. Akamwaga, akatia maji robo, akapunguza moto. Birika likakaa kimya. Kisha ti. Baada ya muda, ti tena.

Alichovya kidole. Yalikuwa ya moto, yana ladha ya lehemu na moshi, lakini yalikuwa maji. Alipopata funda moja aliyapepea yakapoa, akamwinua Bimdogo, akamdondoshea mdomoni.

"Nini?" akauliza mtoto, macho amefumba.

"Mvua, mwanangu. Si nilikwambia inajikusanya?"

Walichochea kwa zamu hadi kukapambazuka. Bimdogo alikunywa vikombe viwili na kudai andazi. Kidonda cha Mwanvua kikaoshwa kwa maji safi, kikaacha kuwaka. Ndipo Bilali alipofanya jambo ambalo fundi wa mitambo ile hafanyi maishani: akatupa majani mabichi motoni ili moshi uonekane.

Ulionwa adhuhuri, siku ya tatu tangu wakwame, na lori la ngozi. Dereva wake, Antoni, Mhaya mnene, aliliacha juu kwenye udongo mgumu akateremka kwa miguu. Aliuzunguka ule mtambo, akatabasamu, akaomba kikombe kabla hata ya kuuliza hali. Akakigida. Sura ikamshuka.

"Mzee, haya ni maji."

"Ndiyo."

"Maji tu?"

"Maji tu."

Antoni akatikisa kichwa. "Mungu atakulipa. Lakini mwenzako nimetembea maili mbili."

Lori likateremshwa hadi mwisho wa udongo mgumu, likawavuta kwa kamba mbili, moja ikakatika. Bilali alisujudu pale pale kwenye majivu, akaapa kwamba bomba lile hataliuza kwa mtu yeyote, na mteja wa Arusha akaambiwa mzigo umezama.

Waliporudi Mwanza, Mastura aliuliza waliishije huko, wakati debe lake la maji lilibaki mlangoni. Mvua, Bilali akasema. Ilinyesha kubwa, wakakinga. Mastura akauliza, mwezi wa nane? Bilali akasema Mungu mkubwa. Mastura akamgeukia Mwanvua, Mwanvua akatazama kovu lake akasema ndiyo, mvua. Tangu hapo Bilali hakutoka bila chupa ya maji, hata kwenda msikitini alikwenda nayo. Na Mwanvua, baba yake akizungumza, hakumtazama tena mdomo. Alimtazama mikono.

Sasa ile sababu yangu. Mimi nilikuwa mjane, Uhuru unakuja, na watu watataka kufurahi. Bilali alikuwa ameapa hatauza. Hakuuza. Aliniazima, pamoja na hadithi yake yote.

Asubuhi moja Mastura akapiga hodi uani kwangu, anaomba makaa ya moto, na kabla sijajibu Bimdogo alikuwa amekwisha kuingia jikoni. Debe langu lilikuwa linachemka. Nikawahi kusema nachemsha mwarobaini wa homa. Bimdogo akachuchumaa kwenye mdomo wa bomba, akakinga kidole, akafurahi.

"Mama, kumbe hata kwa Mama Shimba mvua inanyesha!"

Mastura hakupiga kelele. Aliliangalia bomba kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akamwita mumewe, kwani nyundo yake ilikuwa inasikika ng'ambo ya ua. Bilali akaja na nyundo mkononi. Alipofika mlangoni akasimama.

"Baba Mwanvua," akasema Mastura, taratibu kabisa, "bomba hili ni kazi ya nani?"

"Nitajuaje? Mafundi wamejaa mjini. Hilo mimi sijapata kuliona."

Wakati huo Bimdogo alikuwa anahangaika na kitambaa chekundu kwenye mkunjo wa pili, ambacho mimi kwa uvivu sikukitoa. Fundo likafunguka. Akainama, akakiweka kwenye pindo la gauni lake lile la Idi, pale palipochanika. Kikaingia sawasawa, hadi uzi wa mwisho.

Bomba likaanza kuvuja.