Nilimchagulia Rafiki Yangu Riwaya, Nikamvunjia Uchumba

Nina umri wa miaka thelathini na mitatu, sijaolewa, na nauza vitenge hapa Tunduma, hatua chache kutoka mpaka wa Zambia. Majina nimeyabadilisha, ila haya mtakayosoma niliyatenda mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma mapema... ngojeni kwanza nimalize.

Mimi ni mtu wa riwaya tangu sekondari. Nilikuwa na kundi kwenye simu, la wanawake wapenda hadithi za mapenzi, na kazi yangu ilikuwa kupendekeza. Mmoja ananiandikia, "Dada, nipe ya maadui wanaoishia kupendana." Mwingine anataka ndoa ya kuigiza inayogeuka kuwa ya kweli. Mwingine tajiri mwenye kiburi anayelainishwa na mpishi wake. Nilikuwa nawauliza: unataka kulia au kucheka? Wakosane mara ngapi kabla ya kupatana? Kisha natoa jina la kitabu, na ni nadra sana nilikosea.

Watu walisema namjua mtu moyo wake kwa hadithi anazozipenda. Nami kichwa kikavimba!

Rafiki yangu Rahabu alikuwa fundi cherehani. Tulitumia kibaraza kimoja. Mteja akinunua kitenge kwangu, anageuka tu na kupimwa kwake. Hata akina mama wa ng'ambo, wale wanaotusalimu kwa Kibemba, "Mulishani", walidhani sisi ni ndugu wa tumbo moja. Na kweli tuliishi hivyo. Kitabu nikikimaliza leo, kesho kiko mkononi mwake.

Rahabu alikuwa amechumbiwa na Elia, mkulima wa kahawa wa Isansa, kule Mbozi. Mahari ilishapokelewa. Harusi ilipangwa baada ya mavuno ya kahawa.

Elia alikuwa akishuka mjini na parachichi na maharage ya mchumba wake, na fungu langu hakulisahau hata mara moja. Siku moja upepo uling'oa turubai la kibaraza chetu. Rahabu alikuwa amekwenda kununua nyuzi. Elia akaazima ngazi kwa jirani, akapanda kulifunga, huku ananitania kwamba nikiiachia ngazi ataangukia vitenge na itabidi avinunue vyote. Nilicheka. Nilipoinua macho kumtazama, kitu ndani yangu kikahama mahali pake... na hakikurudi tena.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Wiki chache baadaye Rahabu alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Ulitoka kwa Boniface, kijana aliyempenda tulipokuwa shule, ambaye alivuka kwenda Kitwe kutengeneza magari. Aliandika maneno machache tu, kwamba bado anamkumbuka. Rahabu aliniuliza, "Dada, nimjibu, au nifute?"

Rafiki wa kweli angesema futa. Mimi sikusema neno. Nilimpa kitabu!

Kilikuwa kile cha penzi la kwanza linalorudi. Msichana ana mchumba mwema lakini baridi, mara yule wa zamani anatokea, na msichana anabeba begi lake na kumfuata. Mwisho wanaishi kwa raha mustarehe. Nilijua Rahabu atalia, na nilijua atalilia wapi. Alikimaliza kwa siku mbili. Siku ya tatu akamjibu Boniface.

Sasa sikieni lililo baya zaidi.

Elia alinikuta peke yangu kibarazani. Aliketi, akavua kofia, akaizungusha mikononi kama mtu anayetaka kuomba jambo zito. "Shemeji," akasema, "mwenzangu anapenda sana hivi vitabu. Mimi niliishia la saba, kusoma sijazoea. Lakini niambie anapenda hadithi za namna gani, nami nizisome. Nataka nimjue."

Mungu wangu! Ni wanaume wangapi huomba hivyo?

Jibu nililijua kuliko mtu yeyote duniani. Rahabu alipenda mwanaume anayesema, anayepiga simu asubuhi kuuliza umeamkaje, asiyeona haya kutamka nimekukumbuka. Nikampa Elia kinyume chake. Nilimpa riwaya ya mwanaume mkimya anayekaa mbali miezi na miezi, na kadiri anavyonyamaza ndivyo msichana anavyozidi kumpenda.

"Hii ndiyo anaipenda kuliko zote," nikamwambia. "Usimsumbue kwa simu. Mwache akukumbuke."

Aliisoma kwa wiki tatu, akifuata mistari kwa kidole. Akatii kila kitu.

Rahabu akaanza kuhangaika. Alikuwa anashona huku anatazama simu, anakosea vipimo, anafumua, anashona tena. "Dada, Elia kapoa," akaniambia. "Nimemkosea nini?" Nami nikampa riwaya ya pili ya penzi la kwanza linalorudi... kisha ya tatu. Malori yalikuwa yakipiga honi barabarani kutwa nzima, na kila honi ilimfanya ainue kichwa kuelekea ng'ambo.

Wiki tatu kabla ya harusi, Rahabu alivuka mpaka akaenda Kitwe kwa Boniface. Alimwachia baba yake barua ya mistari minne. Mzee wake, ambaye ni mzee wa kanisa, aliona aibu hata ya kuhudhuria ibada. Mama yake Elia alilala ndani siku mbili, hali wala hasemi.

Na mimi? Nilichemsha chai, nikamkaribisha Elia kibarazani, nikamfariji!

Sitaki kuwadanganya kwamba sikufurahi. Miezi ilipita. Elia aliendelea kuja, na sasa parachichi zote zilikuwa zangu. Mwaka ulipokaribia kutimia akaniambia kwamba mama yake ameuliza juu yangu, kama ningekubali waje nyumbani kwetu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Lakini sikutulia. Nilikuwa naanza kitabu, nafika ukurasa wa kumi, nakiweka. Naanza kingine, hivyohivyo. Nilipanga vitenge, nikavipangua. Watu wa kundi waliniuliza mbona sipendekezi siku hizi. Nikawajibu niko bize. Kila aliyevuka mpaka akiwa na begi nilidhani ni Rahabu.

Siku moja ikawa ni yeye kweli.

Rahabu alirudi na mimba ya miezi mitano. Boniface alikuwa na mke na watoto wawili katika mji mwingine hukohuko Zambia. Mke huyo alikuja mwenyewe Kitwe, akamtoa Rahabu nje mbele ya majirani, na Boniface akasimama pembeni akitazama viatu vyake. Kwao aliogopa kwenda. Mtu pekee aliyemwamini alikuwa... mimi!

Nikamlaza kitandani kwangu. Alipojua kwamba Elia anataka kunioa, nilidhani atapiga kelele. Alinishika mkono tu, akasema, "Afadhali ni wewe, dada. Angalau amepata mtu mwema."

Wasomaji wenzangu, mmewahi kupigwa kofi na mtu anayewabembeleza?

Jumapili iliyofuata Elia alikuja baada ya ibada, hajui kwamba Rahabu yuko ndani. Walisalimiana kwa haya. Nilikuwa naandaa chakula. Rahabu alimwomba radhi kwa yote, kisha akamuuliza jambo moja. "Lakini kwa nini uliniacha kimya miezi ile? Hata simu, Elia?"

Elia alishangaa. "Si ndivyo unavyopenda? Shemeji alinipa kitabu chako. Alisema ndicho unachokipenda kuliko vyote, nisikusumbue."

"Kitabu gani?"

Akamweleza hadithi yote, tangu mwanzo hadi mwisho, maskini, kama mwanafunzi anayejibu mtihani. Rahabu akatikisa kichwa: hicho hakikuwa kitabu chake. Kisha wote wawili wakageuka wakanitazama.

Ningeweza kusingizia kusahau. Nilifungua kinywa, machozi yakatangulia, na nikasema yote... ngazi, ujumbe wa Boniface, vitabu vyote. Elia aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka bila kunilaani. Laiti angenilaani! Mama yake hakuja tena kwetu.

Mtauliza kama walirudiana. Hapana. Elia alijaribu kumwendea, Rahabu akakataa, akisema hawezi kumpelekea mwanaume mtoto wa mwingine kwa sababu tu wote walidanganywa. Elia sasa ameoa huko Mbozi. Rahabu alijifungua msichana, baba yake akamsamehe, na ana cherehani yake mjini Mlowo.

Nililivunja kundi. Ila hadi leo kuna wanaonipigia: dada, nipe kitabu cha kuniliza. Nawaambia sina, nakata simu.

Mwezi uliopita nilimfuata Rahabu Mlowo. Nilipiga magoti mbele ya cherehani yake, wateja wanatazama. Aliniambia niinuke, nisimchafulie kitambaa. Kisha akasema, bila hasira, "Ungekuja tu ukaniambia unampenda. Ningekukasirikia wiki moja, yangekwisha."

Wiki moja! Mimi niliiogopa wiki moja, nikapoteza miaka yote iliyobaki ya rafiki yangu.

Wapendwa, someni riwaya, na wapendekezeeni wenzenu. Sivilaumu vitabu, kwa sababu havikutembea vyenyewe hadi mikononi mwa Rahabu. Ila mtu akikuuliza, "Nifanye nini?", mjibu kwa kinywa chako, machoni pake, hata kama jibu litakuaibisha. Na kama moyo wako una tamaa na kilicho chake, mwambie, au nyamaza na ukae mbali naye. Nawasihi, msipite nilikopita mimi. Huku hakuna wa kumkaribisha chai.