Sijambo ya Nyenje

Kila Jumatano kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Nyenje alikuwa wa kwanza kutoka langoni. Alipita nyumbani, akavua sare, akavaa suruali nene ambayo mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameishonea sifongo magotini, kisha akashika njia ya kwenda machimboni. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Watu walimwita Nyenje kwa sababu ya pikipiki yake ndogo, ambayo ikipanda kilima ililia nyiii bila kupumzika. Na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, mdomo wake haukuwa na breki.

Hapo machimboni zamani watu walichimba kokoto. Kokoto zilipokwisha, likabaki shimo kubwa lililojaa matuta. Miaka mitatu iliyopita mjomba wake, fundi pikipiki, alitengeneza njia ya kulizunguka shimo lile, akakusanya waendeshaji kumi na mmoja, akaanzisha motokrosi, yaani mbio za pikipiki za kuruka matuta na kupita matopeni. Watazamaji wa siku ya kwanza walikuwa mlinzi wa machimbo na mbwa wake, na mbwa aliondoka kabla mbio hazijaisha.

Siku hizi mambo yalikuwa yamegeuka. Jumamosi za mashindano watu walidamka ili wawahi mawe mazuri ya kukalia. Wanafunzi walichora namba za waendeshaji kwenye majalada ya madaftari mpaka walimu wakachoka kuwagombeza. Watoto arobaini na wawili walikuwa wameandikisha majina wakitaka kujifunza, na pikipiki ndogo zilikuwa sita tu.

Ndiyo maana Jumamosi iliyokuwa inakuja ilimkosesha mjomba raha. Afisa wa chama cha mbio alikuwa anakuja kutazama mbio za watoto. Akiridhika, chama kingefungua pale kituo cha mafunzo, kilete pikipiki, helmeti na walimu. Asiporidhika, kituo kingepelekwa mji mwingine, na wale arobaini na wawili wangeendelea kukaa juu ya mawe.

"Nyenje," mjomba alisema Jumatano ile huku akikaza mnyororo, "Jumamosi tunakutegemea wewe. Wenzako wataendesha, lakini wewe ndiye utakayemfanya yule mama wa chama asimame."

"Usiwe na wasiwasi, Mjomba. Atasimama mpaka miguu imuume."

Mzunguko wa nne wa mazoezi ya siku ile, Nyenje aliruka tuta pana waliloliita Meza. Aliruka vizuri, akatua vibaya. Gurudumu la mbele lilizama kwenye udongo laini, pikipiki ikamtupa upande wa kushoto, na helmeti ikagonga chini kwa kishindo alichokisikia mpaka kwenye meno.

Alipofumbua macho, Muuguzi alikuwa ameshafika. Alikuwa mama mnene mwenye mbio za ajabu, aliyefanya kazi zahanati na kuja machimboni siku za mazoezi.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

Jibu lilitoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtoto aliyelelewa vizuri.

"Kichwa hakikugonga chini?"

Hapo halikutoka lenyewe. Nyenje aliijua kanuni: aliyegonga kichwa haendeshi tena mpaka daktari amruhusu. Akaikumbuka Jumamosi, akamkumbuka mjomba na wale arobaini na wawili.

"Hapana. Nimeangukia bega."

Muuguzi alimkazia macho, akamgeuza shingo kidogo, akaitwa upande wa pili ambako mtoto mwingine alikuwa analia goti. Mjomba naye akaja mbio.

"Uko sawa? Sema uko sawa!"

"Niko sawa, Mjomba."

"Ndiyo mambo hayo!"

Tangu alipoinuka pale chini, dunia ilikuwa kama imehamia chumba cha pili. Nyenje aliisikia, lakini kwa mbali. Jioni alikula ugali bila kujua kama una moto au umepoa. Mama alimsimulia habari za mteja aliyeleta gauni lipunguzwe, akajaribu kulivaa, kisha akaomba liongezwe. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Nyenje alitabasamu kwa sababu aliona ndiyo zamu yake ya kutabasamu.

Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi. Alivibana na mlango wa kabati kidogo, kwa makusudi. Havikusema kitu.

"Umeamkaje?" mama aliuliza Alhamisi asubuhi.

"Salama."

"Mbona umeshika kikombe chenyewe, si kishikio? Hakikuunguzi?"

Nyenje akakitazama kikombe cha bati kilichofuka mvuke katika mkono wake wa kushoto. "Aa, hakina moto, Mama."

Mama alikuwa na uzi mdomoni na magauni matatu ya kumaliza. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani.

Ijumaa darasani, maneno ya ubaoni yaliogelea. Jirani yake wa dawati alikuwa mvulana waliyemwita Kifutio, kwa sababu alifuta mara mbili ya alivyoandika. Naye alikuwa mmoja wa watoto sita walioendesha zile pikipiki ndogo. Siku hiyo Kifutio aliacha kufuta.

"Haya malengelenge ya vidoleni umeyapata wapi?"

Nyenje aliangalia. Malengelenge mawili, makubwa, yamejaa maji. "Sijui."

"Hujui? Mtu anaungua vidole viwili halafu hajui?"

"Nitasema baada ya Jumamosi. Na wewe funga mdomo."

"Nyenje, ule mkono ndio wa klachi."

"Nimesema funga mdomo."

Alitaka kukasirika, lakini hasira haikuja. Akafungua kitabu ukurasa ambao hakuna aliyeambiwa aufungue.

Jumamosi machimbo yalijaa pomoni. Watu walikaa hadi kwenye kingo za juu ambako mlinzi aliwakataza, akachoka, naye mwenyewe akakaa. Wauza maji walipiga kelele, watoto wadogo walinguruma kwa midomo wakishika usukani wa hewani. Afisa wa chama alikuwa mama mrefu mwenye daftari jekundu. Aliketi kwenye kiti pekee cha plastiki kilichokuwapo, na mjomba alimzunguka kama mwenye nyumba aliyetembelewa na wakwe.

Siku nyingine Nyenje angejaa hofu na furaha. Leo hakuogopa, na hakufurahi pia.

Muuguzi alipita mbele ya watoto sita, mmoja mmoja.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Hujambo?"

"Sijambo."

Alipomfikia Nyenje alisimama kidogo. "Hujambo wewe?"

"Sijambo."

Muuguzi akaendelea na safari.

Mjomba akaamuru wawashe injini wazunguke mara moja kupasha moto. Walijipanga kwa mstari mmoja kwenye njia nyembamba ya kuingilia, Kifutio mbele yake. Nyenje alibana klachi, ule wenzo wa mkono wa kushoto unaoizuia pikipiki isiondoke, akatia gia ya kwanza, akasubiri. Alidhani bado ameibana. Vidole vilikuwa vimeshateleza bila kumpa habari. Pikipiki iliruka mbele, ikamgonga Kifutio kwa nyuma, ikamwangusha na pikipiki yake juu ya mguu.

Umati ukaguta. Kifutio alitoa sauti ya kuumia kweli. Walipoinua pikipiki, muundi wake ulikuwa umechanika na damu inachuruzika mpaka kwenye soksi. Alimtazama Nyenje.

"Nilikwambia," akasema. "Nilikwambia, Nyenje."

Nyenje aliitazama ile damu. Huyu alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Alisubiri moyo ushtuke, alisubiri huruma, machozi, chochote. Hakikuja kitu. Alikuwa anautazama mguu wa rafiki yake kama unavyotazamwa mguu wa kiti. Ndipo hofu ilipomwingia, ya kwanza tangu Jumatano, na alichokiogopa ni kule kutosikia kitu.

Alizima injini. Akavua helmeti. Muuguzi alikuwa amepiga magoti anafunga jeraha la Kifutio.

"Yeye ana jeraha la juujuu tu, atapona," Muuguzi alisema bila kugeuka. Kisha akageuka. "Na wewe, hujambo?"

Mdomo wa Nyenje ulishaanza. "Sija..." Akaumeza ule mwisho. "Siko sawa. Jumatano nilianguka kwa kichwa. Nilikudanganya. Mkono hausikii. Na mimi mwenyewe... sisikii kitu chochote."

Mjomba alikuwa amefika. Aliangalia ule mkono wenye malengelenge, akaangalia kiti cha plastiki. Watu zaidi ya mia tano walikuwa wanangoja.

"Mzunguko mmoja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Hawezi hata mmoja..."

"Kaka," Muuguzi alimkatiza, "akianguka tena leo, sitakuwa na cha kumfanyia."

Mjomba akavua kofia yake, akaivaa tena. Kisha akachukua kipaza sauti na kutangaza kwamba mwendeshaji wao bora haendeshi kwa sababu za afya, kwamba mwingine ameumia mguu, na kwamba mbio za watoto zitakuwa na watoto wanne. Baadhi ya watu walizomea. Afisa aliandika kitu kwenye daftari jekundu, na hakusimama hata mara moja.

Hospitali daktari alisema ubongo ulikuwa umetikisika, na mshipa wa fahamu wa shingoni ulikuwa umebanwa. Nyenje alitakiwa kupumzika wiki nyingi: bila pikipiki, bila kukimbia, bila kusoma kwa muda mrefu. Mama alilia palepale, kisha akagomba, kisha akalia tena. Mjomba aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema mnanitegemea."

Mjomba akakuna kiganja chake chenye grisi isiyotoka. "Nilikuuliza uko sawa huku nimeshajijibu," akasema. "Makosa hayo ni yangu, Nyenje. Usiyabebe."

Kifutio alikuja kumwona akichechemea. Nyenje alimwomba radhi, naye akasema amemsamehe ila soksi ilikuwa mpya.

Muuguzi alikuja nyumbani kila Ijumaa na pini ya kupimia ganzi. Alimgusa vidole, na Nyenje, macho amefumba, alijibu, "Bado." Wiki ya kwanza bado. Wiki ya pili bado. Wiki ya tatu alipiga ukelele.

"Aii! Mbona unanichoma hivyo?"

Mama aliliacha gauni la mteja chini ya sindano, akaja mbio. Nyenje alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Aliomba achomwe tena, halafu akaomba wasimchome tena.

"Sasa nisikilize," Muuguzi alisema akirudisha pini mkobani. "Mimi nikikutana nawe njiani nikakwambia hujambo, niitikie sijambo hata kama jino linakuuma. Hiyo ni adabu, na ni salamu. Lakini siku ile machimboni sikuwa nakusalimia, nilikuwa nakuuliza. Uliponiitikia kama salamu, ulinifunga macho. Na mimi nina kosa, maana nilitumia maneno ya salamu kuulizia ugonjwa."

Mwezi uliofuata barua ya chama ilifika. Mjomba aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Afisa aliandika kwamba ametembelea viwanja vingi vyenye watoto hodari, lakini ni hapa tu alipoona mwendeshaji bora anaondolewa mbele ya umati kwa ajili ya afya yake. Kituo kitafunguliwa hapo, kwa sharti moja: kila mtoto akaguliwe kabla ya kuendesha.

Siku ya ufunguzi watoto arobaini na wawili walipanga mstari. Nyenje alikuwa bado hajaruhusiwa kuendesha, kwa hiyo alipewa karatasi na kalamu akae na Muuguzi. Neno hujambo lilikuwa limepigwa marufuku mezani pale. Waliuliza, "Wapi panauma?" na hilo halijibiki kwa mazoea.

"Wapi panauma?" Nyenje alimwuliza msichana mdogo aliyekuwa mbele.

"Goti hili, kidogo. Na sikio. Na viatu vinanibana, ni vya kaka." Msichana akafikiri. "Na wewe je, wapi panauma?"

Nyuma yao injini ziliwaka, na vumbi likapanda juu ya Meza. Nyenje alishika kalamu kwa vidole vyote.

"Hapa," akasema, akagusa kifua. "Panauma sana kuwatazama mkienda kuendesha, na mimi nimekaa."

Muuguzi akamwekea mkono begani. "Liandike na hilo," akasema. "Mtu akituambia panapouma, tunajua pa kuanzia."

Nyenje akaandika jina lake mwenyewe chini ya yale arobaini na mawili.