Jina Lililopigiwa Chafya

Mchanga ulionekana kwanza kwenye karai. Tecla alikuwa amemaliza kumwogesha mtoto, akamfunga shuka, na alipoinua karai amwage maji akauona umetulia chini, mweupe, laini, wa kujaa kiganja. Sasa, mtu wa Litein, huku bara kwenye vilima vya chai, anajua udongo wake. Ni mwekundu, na ukishika kiatu haukiachi mpaka Krismasi. Mchanga wa namna ile Tecla alikuwa ameuona mahali pamoja tu maishani mwake, napo ni Malindi.

Akatabasamu, maskini wa Mungu. Malindi ilikuwa bado tamu moyoni. Agosti ile ya mwaka tisini na sita walimu wa shule ya mumewe, Kipkurui, walikwenda pwani na wake zao wiki nzima, na Tecla, mimba ikiwa ya miezi saba, alikataa kuachwa nyuma. Alikula mahamri ya iliki. Alitia miguu baharini akapiga mayowe. Na kila jioni, wenzake wakienda kutembea, yeye aliketi barazani na Bi Zena, mama mmoja wa buibui aliyenukia udi na asmini, aliyemkanda miguu iliyovimba na kumwita mwanangu. Tecla hakuwa ameitwa hivyo tangu mama yake afe. Siku ya kuondoka Bi Zena alimshika tumbo kwa mikono miwili.

"Usinisahau," alisema. "Ukifika kwenu, nitaje."

Tecla akamtaja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mtoto wa Kikipsigis akizaliwa, akina mama humzunguka, bibi humwekea ugoro kidogo puani, na majina ya wafu wa ukoo huitwa moja baada ya jingine. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Wachungaji wa kanisa wanalijua jambo hili, na siku hiyo huwa na shughuli upande mwingine. Basi Kogo, mama yake Kipkurui, aliita majina mpaka koo likamkauka, mtoto kimya, mvua ya mawe ya alasiri ikipiga mabati. Tecla, hoi kitandani, akaikumbuka ile baraza, na kwa mapenzi tu akanong'ona, "Bi Zena."

Mtoto akapiga chafya, tena na tena. Wakati uleule Kogo alikuwa ametamka "Tapkigen," kwa hiyo watu wakashangilia na mtoto akawa Tapkigen. Tecla akanyamaza. Aliona haya kuharibu furaha ya watu kwa ajili ya mama wa pwani ambaye, zaidi ya hayo, alikuwa mzima.

Baada ya mchanga ikaja harufu. Nepi zilizokaushwa juu ya moshi wa kuni zilinukia asmini. Kisha ikaja siku Tecla alipojitwika kikapu arudi kuchuma chai. Alipovuka lango, mtoto mgongoni alijikunja, akaacha kupumua, midomo ikawa ya bluu. Aliporudi uani, pumzi ikarudi. Walijaribu kumpeleka hospitali, hawakufika barabarani. Akimwacha ndani na Kogo ilikuwa vilevile. Tecla akawa mfungwa wa ua wake mwenyewe, anatazama chai yake ikizidi kukomaa upande wa pili wa ua.

Kitu kimoja tu kilimtuliza mtoto: kusimuliwa Malindi. Tecla aligundua hivyo kwa bahati, akafurahi. Kila jioni alimsimulia mahamri, mawimbi, baraza, na mtoto akamkazia macho mpaka usingizi umchukue. Lakini wiki moja ina mambo mangapi? Hadithi zikaisha. Aliporudia ya jana, mtoto aligeuka bluu.

Wanjuhi, mke wa Mwalimu Chege, aliyekuwa nao Malindi, akaja kumwona mtoto.

"Wanjuhi, unakumbuka Bi Zena? Ule mama nilikuwa nakaa na yeye jioni?"

Wanjuhi aliweka kikombe chini polepole. "Mama gani? Tecla, si ulikuwa unakaa peke yako. Ulikuwa unaongea na sauti ya chini, sisi tukasema huyu anaomba."

Jioni ile Tecla alimwendea Kogo jikoni, akamwambia yote, machozi yakimtiririka.

"Umeita mtu hatujui kwao?" Kogo akauliza kwa kunong'ona.

"Nilisema kidogo tu, Kogo."

"Kwa jina hakuna kidogo." Bibi akatazama mlango. "Kesho tutarudia kuita majina. Hata mimi niliitiwa tena nikiwa mtoto. Lakini huyo hana watu hapa. Akitoka kwa mtoto, ataingia wapi?"



Kesho yake mvua ilipoanza wakafunga mlango, Kogo akaweka ugoro puani mwa mtoto na kuanza kuita, Tabarno, Taprandich, Tapkigen, na mtoto hakulia wala hakupiga chafya, alimtazama mama yake tu, kwa macho ya mtu mzima anayengoja kupewa kiti, na harufu ya udi ikajaa chumbani mpaka taa ya chemni ikafifia, na Kogo akaita tena kwa sauti inayokatika, na midomo ile midogo ikaanza kuwa bluu, kisha kucha, kisha uso wote, na Tecla akaelewa kwamba kinachongojwa si jina bali ni mlango mwingine, na katika nyumba ile mlango mwingine ulikuwa mmoja tu.

Akapokonya kikopo cha ugoro, akavuta kwa nguvu.

"Bi Zena," alisema. "Njoo kwangu, mama."

Chafya ilimtikisa mpaka akapiga magoti. Mtoto akavuta pumzi ndefu, Kogo akapiga kelele "Tapkigen!" na chafya ndogo, safi, ikamjibu. Wakalia kwa furaha wakishikana. Tecla naye alitaka kulia. Macho yakakataa.

Siku hizi anavuka lango anavyotaka. Kwenye kituo cha kupimia majani, wanawake wakingoja lori, humwambia, "Tecla, hebu tuambie ya Malindi," naye husimulia vizuri kuliko zamani: nyumba ya mlango wa nakshi, kisima alikochota maji alipokuwa msichana. Wanacheka, wanasema huyu likizo ilimkaa. Ndani, nyuma ya meno yake mwenyewe, Tecla anapiga mayowe kama alivyopiga baharini, na hakuna linalotoka ila hadithi.

Jana Kipkurui alikuja kumpokea mzigo, mtoto mkononi.

"Mama Tapkigen, hiyo Kiswahili tamu umetoa wapi?"

"Kwetu," kinywa kikajibu, na mikono ikanyooshwa kumpokea mtoto.

Kipkurui akacheka, akampa. Mtoto akamtazama mama yake usoni, akakunja uso, akaanza kulia. Ni yeye peke yake aliyejua amebebwa na nani.